Mlango Uliotangulia Kuta

Asubuhi niliyoondoka Auderghem, mtaa wa pembeni wa jiji la Wabelgiji, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mfuko mmoja wa nguo, sufuria ndogo yenye mfuniko wa sufuria nyingine, na picha ambayo kisheria ilikuwa mali ya mtu mwingine. Mvua ilikuwa imekatika, miti ya msitu wa Soignes kule mwisho wa barabara ilikuwa bado ikidondosha maji, nami nilisimama kituoni nikaacha tramu mbili zipite kwa sababu sikujua ninakwenda wapi. Nimehama mara nyingi tangu siku ile, na mara nyingi bila sababu ya maana: nilichoshwa na dirisha, nilisikia habari za mji mwingine, nilitaka kujua treni ya saa nne inaishia wapi. Lakini kuhama kule kwa kwanza kulikuwa na sababu. Sababu yenyewe ni kanisa la miti na nyasi, mbali huko kaskazini mwa Katanga, ambalo mzee mmoja wa Kibelgiji alitaka niandike kwa mkono wangu kwamba limekufa. Mara tatu.

Ninaandika haya sasa kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Maman Numbi huku Jette. Baada ya mazishi tulikula ukumbini, bukari, yaani ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wakavu, na watoto waliozaliwa hapa wakawa wanaulizana marehemu alitoka kijiji gani. Binti mmoja akachukua simu yake, akatafuta, akaja kwangu na uso wa mtu anayeleta zawadi. “Tantine, nimepata kanisa ya kwabo na koko. Iko mu kitabu.” Koko ni bibi, yaani marehemu. Nikavaa miwani. Ulikuwa ukurasa niliokuwa naujua. Kamwenze, Kyolo, Lubanda: makanisa matatu ya Kimethodisti, na mbele ya kila jina neno moja la Kifaransa, abandonnée, limeachwa. Chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani, pameandikwa kwamba yapo maelezo ya mdomo yanayopinga jambo hilo, lakini hayakuthibitishwa. Binti akaniuliza, “Donc ilikufa?” Nikamrudishia simu yake. Maelezo ya mdomo ni mimi. Nimevuka miaka hamsini, shule sikuimaliza hadi leo, na bado sijathibitishwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliishi chumba cha juu katika nyumba ya Monsieur Gérard, mzee aliyekuwa na nyonga mbovu na macho yaliyoanza kufunga. Ujanani alikuwa mtumishi wa serikali ya koloni katika wilaya yetu, kazi yake kupita vijijini na kuhesabu: vibanda, wanaume, mbuzi, na nyumba za ibada. Aliporudi kwao akageuka msomi. Ngazi za nyumba ile zilinukia nta, na chumba cha kulia kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa kizito cha kijani, ambayo hakuna aliyekula juu yake kwa sababu ilijaa maboksi ya viatu. Ndani ya maboksi hayo hamkuwa na viatu bali kadi, kadi moja kwa kila kanisa la kijijini la Waprotestanti alilowahi kuliona au kulisikia. Alikuwa anaandika historia ya makanisa ya Wamethodisti wa vijijini. Yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, na alipenda kusema kwamba ndiyo maana angewatendea haki, kwani hakuwa na ndugu katika kesi. Mimi nilimpikia, nilimshika mkono kwenye ngazi, na mchana nilinakili kadi zake upya, maana mwandiko wake ulikuwa umeharibika na wangu ulikuwa mzuri. Mwandiko ndio kitu pekee nilichotoka nacho shuleni. Kila mwaka alitia sahihi karatasi yangu ya ukaazi ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, na jina langu lilikuwa kwenye kengele ya mlango wake, chini ya lake, kwa herufi ndogo zaidi.

Saa kumi na mbili jioni tulikula mkate, jibini na kahawa, hata kama jua lilikuwa bado juu na njaa yangu ilikuwa ya bukari. Jumapili palikuwa na kuku na mapera ya Kizungu yaliyopondwa. Lakini siku niliyoipenda ilikuwa Alhamisi, walipokuja rafiki zake wawili, mmoja mhandisi mstaafu, mwingine padri aliyekaa kwetu miaka mingi. Waliongea Kifaransa wakiwa wanakubaliana, na wakianza kutaniana wakahamia Kiswahili chao cha zamani, kile cha kuamuru. Mlango wa jikoni niliuacha wazi makusudi. Ninapenda kusikiliza watu wanaodhani hawasikilizwi. Nimejifunza mengi hivyo kuliko darasani.

“Wamethodisti wako kama uyoga,” alisema padri siku moja. “Mvua inanyesha, wanaota kila mahali. Jua linawaka, hakuna kitu.”

“Kanisa la matofali lina historia,” Monsieur akasema. “La majani lina hali ya hewa tu.”

Nikaingia na keki. “Uyoga njo tulikula, mon père,” nikasema. “Ile ya matofali haikutushibisha.”

Padri alicheka hadi akakohoa. Monsieur hakucheka. Baadaye, nikiosha vikombe, nilimsikia akisema kwa Kifaransa kwamba mimi ni msichana mwerevu, ni bahati mbaya tu sikufunzwa kufikiri.

Nilinakili kadi miezi mingi bila ugomvi. Zilinifurahisha, kusema kweli. Ndani yake nilijifunza jinsi mambo yalivyokuwa: mwalimu mmoja anatumwa na misheni, anatembea siku mbili tatu na Biblia, kitabu cha nyimbo na ubao mdogo mweusi, anafika kijiji ambacho chifu wake amekubali, watu wanakata miti na nyasi. Jumatatu hadi Ijumaa ni shule, Jumapili ni kanisa, na kengele ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mmisionari mwenyewe alipita mara moja kwa mwaka, akala kuku wa watu, akabatiza, akaondoka. Serikali ilisaidia shule za Wakatoliki. Za kwetu zilisaidiwa na watu waliozijenga. Kadi zilieleza hayo kwa ukavu, lakini zilieleza. Halafu siku moja, mwezi wa pili, baridi ikiwa imeng'ang'ania vioo, nikafungua boksi lenye herufi K nikakuta Kamwenze. Nyuma yake kidogo, Kyolo. Nikatafuta L, nikakuta Lubanda. Katika zote tatu mzee alikuwa ameandika kwa penseli: nguzo tupu, hakuna mlango, hakuna watu, abandonnée. Ya tatu hakuiona kwa macho yake. Aliijaza kwa barua ya yule padri, aliyepita huko miaka mingi baadaye.

Lubanda ndiko nilikozaliwa. Kamwenze na Kyolo niliyajua kama mtu anavyojua majina ya waliomtangulia. Jumapili hiyo nilikwenda kwenye ibada yetu, ambayo wakati huo ilikuwa katika ukumbi wa kuazima nyuma ya parokia ya Kiprotestanti ya Wabelgiji, kuanzia saa nane mchana wenyewe wakishaondoka. Ulikuwa ukumbi wa tatu katika miaka minne. Maman Numbi, aliyefanya usafi katika hospitali kubwa ya Jette, alikuwa mwenye kubeba kitambaa cha meza ya Bwana. Kila ukumbi mpya yeye ndiye aliyetangulia, akatandika, ndipo viti vikapangwa. Nilimjua kwa sababu baba yake, Papa Ezekia, alikuwa seremala na mhubiri wa Kamwenze kabla mimi sijazaliwa. Nikamweleza habari za kadi huku tukikunja kitambaa.

“Abandonnée?” akasema. “Ni nani aliiacha? Tulihamaka nayo. Ye mwenyewe njo alituhamisha.”

Akanisimulia. Kamwenze ilikuwa ndani, karibu na maji mazuri. Serikali ikataka vijiji vyote viwe kando ya barabara, vihesabike kwa urahisi. Karatasi ikaja na sahihi ya Monsieur Gérard. Watu wakaenda Kyolo. Miaka haikupita mingi, wahandisi wakaona barabara imekaa vibaya, wakaichepusha, na karatasi nyingine ikaja, sahihi ileile: kijiji kifuate barabara. Wakaenda Lubanda. “Na kila mara papa alitoa mulango,” Maman Numbi akasema. “Nyasi, tuliacha. Miti, tuliacha. Mulango tulibeba, bantu ine, kama mugonjwa. Bon, ule muzungu alikuja kisha, akakuta shimo pahali pa mulango, akaandika tumekufa. Aende kwa muntu mwenye amehama, aangalie kama atakuta mulango.”

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nacho siku zote bila kujua thamani yake. Nilikuwa na miaka saba mto ulipokula ukingo wa Lubanda na kijiji kikahamia Kaseba, safari hii bila karatasi ya mtu. Mlango ulibebwa. Ulikuwa wa mbao nene nyekundu, na kona ya chini ilikuwa imezibwa kwa ubao wa sanduku la sabuni, ubao uliopigwa misumari kichwa chini, hata maandishi yake yakawa yamepinduka; sisi watoto tulijifunza kuyasoma kwa kuinama na kutazama kati ya miguu yetu. Tulipofika Kaseba hapakuwa na ukuta wala nguzo ya pili. Wanaume walisimamisha fremu ya mlango katikati ya uwanja uliofyekwa, wakaushindilia udongo, na Jumapili ya kwanza watu wote walipanga mstari, wakaingia kupitia mlango ule, mmoja mmoja, huku pande zote mbili pakiwa wazi kabisa kama shamba. Binamu yangu mmoja alizunguka pembeni kwa kuwa ilikuwa karibu. Bibi mmoja akamvuta sikio hadi nyuma. “Umeingia wapi, weye? Umepita mu ukuta?” Hakuna aliyecheka. Tuliketi juu ya majani, jua likituunguza, tukiwa ndani. Siku hiyo nilijua kwa mwili wangu wote kwamba tuko ndani. Nimekaa chini ya dari nyingi tangu hapo, na nyingine ni za kanisa zenye umri wa mamia ya miaka, na sijawahi tena kuwa ndani kwa kiasi kile.

Ningeweza kumweleza Monsieur hayo tu, lakini nilimjua, alitaka karatasi. Basi nikatafuta karatasi. Kabati la ukumbini lilikuwa na boksi la picha zake, nazo nilikuwa na ruhusa ya kuzifuta vumbi. Siku mbili nilifuta vumbi kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana katika nyumba ile. Ya tatu nikapata. Kijana mwembamba mwenye kofia, ambaye ni yeye, amesimama mbele ya kanisa la nyasi, na pembeni mwanamume mfupi ameushika mlango kana kwamba anauzuia upepo. Nyuma, kwa penseli: Kamwenze. Picha ya pili, yeye ameshaanza kunenepa, kanisa jingine, nyasi mpya, mlango umefungwa. Nyuma: Kyolo. Kona ya chini ya mlango, katika picha zote mbili, ubao wa sanduku la sabuni, maandishi kichwa chini.

Niliziweka mbele yake baada ya kahawa ya asubuhi, pamoja na kioo chake cha kukuzia. Alitazama kwa muda mrefu. Sikio lake likawa jekundu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni furaha.

“Maseremala wanaigana,” akasema mwishowe.

“Wanaiga na kosa, Monsieur? Na musumari wenye kupinda?”

Akatazama tena. Msumari uliopinda ulikuwepo, mara mbili.

“Donc hazikuwa makanisa tatu,” nikasema. “Ni moja. Ilitembea. Haikukufa hata siku moja. Na barua za kuitembeza ulitia sahihi weye.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitabu kizima kilisimama juu ya hesabu ile: mengi yaliota, mengi yakafa, Wamethodisti hawakuwa na mizizi. Kama moja lilihesabiwa mara tatu na kuuawa mara tatu, ni mangapi mengine? Na ikiwa yalihama, lazima kitabu kiseme yalihamishwa na nani. Mzee hakuwa mwongo. Nasema hivyo hadi leo, na nilisema kwenye mazishi yake pia, mbele ya binti yake. Alikuwa mtu aliyefika mahali, akaona shimo, akaandika shimo, na hakujiuliza ni nani aliyelichimba.

“Ngoie,” akasema, kwa sauti ya kuamuru ambayo alikuwa hajawahi kuitumia kwangu, “kupima chanzo ni kitu cha kujifunza. Miaka. Wewe uliacha shule. Kadi zinakwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Andika kama ilivyoandikwa.”

“Nitaandika ‘ilihama’.”

“Utaandika abandonnée. Mara tatu. Na Jumatatu nitatia sahihi karatasi yako ya komini, kama kila mwaka.”

Wageni wa mji huu wanaielewa sentensi ile. Ukiondoka katika anwani bila kujiandikisha kwingine, polisi wa mtaa anapita, anasoma kengele, haoni jina lako, anaandika kwamba haupo. Komini inakufuta. Bila anwani hakuna karatasi, bila karatasi hakuna kazi, na unaweza kuwa umesimama ng'ambo ya barabara na sufuria yako mkononi, ukimtazama akikuandika. Nilikaa na kadi tatu tupu mbele yangu na kalamu yake ya wino, ile nzuri. Nilijaribu. Kalamu iligusa karatasi ya kwanza. Niliandika Kamwenze, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, halafu nikaandika: mlango umepelekwa Kyolo. Kadi ya pili: mlango umepelekwa Lubanda. Ya tatu: mlango upo Kaseba, ninaujua, nimeupita. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa cha kadi zile kilikuwa na neno moja tu la kazi hiyo. Nikaweka tarehe, nikatia sahihi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniomba. Nikapanda juu kufunga mfuko. Nikipita ukumbini nilichukua picha ya Kamwenze, nikamwachia ya Kyolo. Alikuwa ameketi pale pale, kioo mkononi.

“Utakwenda wapi?” akauliza.

“Sijue.”

“Huo si mpango.”

“Hata ninyi hamukutuuliza mpango, Monsieur.”

Tramu ya tatu nilipanda. Nilishuka niliposikia joto limezidi, nikapanda nyingine, nikatembea, nikala mkate nikiwa nimesimama. Nilipita upande wa pili wa mji, mitaa ambayo sikuwahi kuiona, na nakiri kwamba pamoja na hofu nilikuwa na furaha ya aibu kidogo, ile ambayo imenitawala maisha yangu yote, ya kutokujua kona inayofuata ina nini. Mchana nikajikuta mbele ya hospitali ya Jette. Sikusema moyoni kwamba ninakwenda kwa Maman Numbi, miguu ilijisemea. Nikamsubiri kwenye lango la watumishi hadi zamu yake ilipokwisha. Alitoka na koti juu ya sare, akatazama mfuko, akatazama sufuria.

“Ulikatala,” akasema.

“Nilikatala.”

“Na mufuniko wa sufuria yako, njo ule?”

“Njo ulikuwa pale.”

“Bon. Twende.”

Aliishi ghorofa ya pili juu ya duka la kushona mapazia. Kulikuwa na chumba cha nyuma alichokitumia kuweka maboksi, bila kitanda, bila pazia, balbu imening'inia kwenye waya. Nilitaka kumpa picha kwanza. Aliichukua karibu na dirisha, akaiinamia, na nilijua amemwona yule mwanamume mfupi aliyeshika mlango. Hakuwa na picha nyingine ya baba yake.

“Njo ye,” akasema. Baadaye akaweka kidole katikati. “Na huyu mwenye kofia?”

“Ni Monsieur.”

“Hm. Tutatafuta cadre, fremu ya picha, yenye upande munene. Itamufunika.”

Na kweli ilimfunika. Mwezi uliopita nimeitoa ukutani mwake na sasa iko ukutani kwangu, mpaka nitakapohama. Siku ile, nilipoanza kusogeza maboksi ili nipate mahali pa kulaza mgongo, alinizuia. Alikata karatasi kutoka daftari, akaniambia niandike jina langu, kubwa, si herufi za sisimizi. Tukashuka hadi mlango wa barabarani, akalibandika kwenye kengele yake, sambamba na jina lake, akalipiga kwa ngumi ili lishike. Polisi wa mtaa angekuja wakati wake; angelikuta. Nikageuka kupanda ngazi. Akanishika mkono.

“Mfuko wako uko wapi?”

“Juu.”

“Kalete. Sufuria pia.”

Nikapanda, nikashuka navyo, nikasimama barabarani mbele yake, watu wakipita na mikate yao. Alikuwa ameshaingia ndani na kufunga. Nilielewa alipokuwa akinitazama kupitia kioo, mikono kiunoni, akisubiri. Nikabonyeza kengele yenye jina langu. Akafungua mlango wote, hadi ukagusa ukuta.

“Sasa,” akasema, “ingia.”